Kabla ya kumpa mtoto brashi, mpe jiwe la kutazama

Mtoto wa dada yangu ana miaka 9. Alipohamia kwetu Mwanza mwaka jana, baada ya wazazi wake kutengana, alikuja na begi moja la nguo na simu ya zamani ya mama yake. Begi lilikaa nyuma ya mlango wiki nzima bila kufunguliwa. Simu haikukaa chini hata saa moja.

Ukimuuliza jambo, anajibu neno moja. Usiku anachelewa kulala, asubuhi anaamka na hasira. Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Kila wiki nawaeleza wazazi wengine la kufanya, lakini kwa huyu wa nyumbani nilikwama. Nilimwambia afumbe macho, avute pumzi taratibu na kuhesabu hadi 10, kama wataalamu wanavyoshauri. Alifika 4, akafumbua jicho moja na kuniuliza, "Mama mdogo, tumemaliza?"

Aliyetukwamua ni bibi yake. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za milimani katika jiji hili, imejengwa katikati ya mawe makubwa. Jioni moja bibi alimshika mkono, wakapanda hadi kwenye mwamba mpana ulio nyuma ya jiko. Akamwonyesha sehemu iliyobonyea.

"Weka mkono hapo," alimwambia.

Mtoto akaweka. Mwamba wote ulikuwa unakwaruza, lakini pale palikuwa laini kama ndani ya bakuli. Bibi akamweleza kuwa zamani wanawake walipiga magoti hapo kusaga mtama na ulezi, jiwe juu ya jiwe, mpaka mwamba wenyewe ukalika.

"Walisaga siku ngapi?"

"Hata mimi nilikuta wameshamaliza," bibi akajibu, wakacheka.

Walikaa pale mpaka giza lilipoanza kuingia. Simu ilikuwa ndani, na hakuiulizia. Kesho yake aliomba karatasi na kalamu ya risasi, akachora duara ndani ya duara ndani ya duara, ukurasa mzima.

Sisemi kwamba siku ile alipona. Nasema kwamba siku ile nilianza kujiuliza swali ambalo nimelifuatilia tangu hapo: je, alama za kale zilizo kwenye miamba ya kanda yetu zinaweza kuwasaidia watoto wetu kutulia, na kutoka kwenye utulivu huo wakachora vitu vyao wenyewe?

Daftari la mawe

Tunaiita Mwanza Jiji la Miamba, na wageni hupiga picha Jiwe la Bismarck na kuondoka. Wachache wanajua kwamba miamba ya ukanda huu wa ziwa ina maandishi ya watu walioishi kabla ya shule, kabla ya misikiti na makanisa.

Mwaka 1969 wanaakiolojia Robert Soper na B. Golden walichapisha matokeo ya utafiti wao wa mambo ya kale katika Mkoa wa Mwanza. Mwaka 1974 ikatoka kazi ya J. H. Chaplin juu ya michoro ya miambani katika ukanda mzima wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa hiyo jambo hili si hadithi ya mtaani. Limeandikwa na lina ramani.

Ukienda Kagera, eneo la Bwanjai, kuna miamba yenye michoro myekundu, ikiwemo ya watu waliochorwa kwa mistari michache tu. Ukivuka ziwa hadi Kisiwa cha Mfangano upande wa Kenya, utakuta maduara yaliyopangwa moja ndani ya jingine kwa rangi nyekundu na nyeupe. Maduara ya aina hiyo yapo pia Nyero, mashariki mwa Uganda. Watafiti huyahusisha na jamii za kale zilizoishi kwa kuwinda na kuokota matunda, zilizokuwepo kabla ya wakulima na wafugaji tunaowajua leo.

Si rangi peke yake. Kuna alama zilizopigwa kwenye jiwe lenyewe. Katika Kisiwa cha Lolui, upande wa Uganda, kuna mawe yanayolia kama kengele yakigongwa, yenye vijishimo vilivyotokana na kugongwa mara nyingi. Huku kwetu, walio na nafasi ya kwenda Serengeti wanaweza kuliona jiwe kama hilo eneo la Moru. Ligonge kwa kokoto, nalo linatoa sauti ya chuma. Vijishimo vyake vimeachwa na mikono ya watu wengi, kizazi baada ya kizazi.

Tusichanganye mambo. Shimo la kusagia mtama kama lile la nyuma ya jiko letu lilikuwa kazi ya chakula. Kijishimo cha jiwe linalolia ni kazi ya sauti. Duara la Mfangano ni kazi ya rangi. Lakini yote matatu yana kitu kimoja: mkono uliorudia tendo moja, polepole, bila haraka ya kumaliza.

Walitulia kwanza, ndipo wakachora

Neno la kitaalamu ni tafakuri. Wengi wetu tukilisikia tunawaza mambo ya mbali, mtu amekunja miguu na kufumba macho. Lakini jamii zetu zinaijua. Anayekaa na tasbihi baada ya swala anaijua. Anayekaa kanisani kimya kabla ya ibada kuanza anaijua. Mvuvi anayesubiri karabai zivute dagaa usiku anaijua pia, hata kama haiiti hivyo.

Kwa wachoraji wa kale, utulivu na uchoraji havikutengana. Mfano mzuri kwa nchi yetu uko Kondoa, mkoani Dodoma, ambako UNESCO iliitambua michoro ya miambani kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna zaidi ya mapango 150 yaliyochorwa. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili michoro hiyo kwa mkono. Watafiti waliokuja baadaye wamehusisha baadhi ya michoro ya eneo hilo na simbo, ngoma ya uponyaji ya Wasandawe ambayo mchezaji hufikia hali ya njozi. Hadi nyakati zetu, baadhi ya miamba ya Kondoa imeendelea kuwa mahali pa maombi ya wenyeji. Kule Mfangano nako, wenyeji wameyahusisha maduara yale na kuomba mvua.

Hapa ndipo baadhi ya wazazi huniambia, "Hayo ni mambo ya mizimu, mtoto wangu asiyaguse." Naielewa hofu hiyo, na kila nyumba ina imani yake. Lakini kumwonyesha mtoto alama ya kale si kumfundisha tambiko. Ni kumwonyesha kwamba mtu aliyeishi hapa kabla yake naye aliogopa ukame, aliuguza watoto, alitafuta maneno akakosa, akachora.

Kutoka mwambani hadi kwenye ubao

Kutoka nyakati hizo hadi wachoraji wa leo kuna daraja, na sehemu yake iko hapa Usukumani.

Kabla ya vyuo vya sanaa, chama cha Bayeye, yaani wacheza na nyoka, kilichora kuta za ndani za nyumba zao za mikutano. Kulikuwa na nyoka, watu, wanyama na alama ambazo zilitumika kuwafundishia wanachama wapya. Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa jamii wakati wa ukoloni, alichapisha kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Anayetaka kuonja utamaduni huo leo anaweza kwenda Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Kisesa, kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Makumbusho hayo yalianzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada pamoja na Wasukuma wenyeji. Ni safari ya daladala ambayo familia inaweza kuimudu Jumamosi moja.

Dar es Salaam, mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Hakusomea uchoraji. Alifariki mwaka 1972, lakini jina lake likawa jina la mtindo mzima. Waliofuatilia chimbuko lake wametaja michoro ya kwenye kuta za nyumba za huko kusini alikokulia.

Mwingine ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesoma Makerere na mwaka 1965 akashiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi. Msemo wake maarufu kwa wanafunzi ulikuwa kwamba kuiga ni kumlaza Mungu usingizi. Alitaka kila mtu atazame kilicho chake, kisha afanye chake.

Msemo huo ndio naoutaka kwa mzazi anayesoma makala haya. Ukimpa mtoto picha ya duara la Mfangano na kumwambia "chora kama hili", umempa mtihani mwingine, kama ya shuleni. Ukimpeleka akatazame jiwe, akaligusa, akakaa nalo, kisha ukampa karatasi na kunyamaza, umempa kile walichokuwa nacho wale wa kale: muda na kitu cha kutazama.

Sayansi inasema nini

Kwa sababu naandika afya, sitaki kuuza dawa ambayo haijapimwa.

Mwaka 2019 ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Ilionyesha kwamba kuchora, kuimba, kucheza ngoma na sanaa nyingine vinaweza kusaidia kuzuia baadhi ya matatizo, kukuza watoto vizuri na kuwasaidia wagonjwa kukabiliana na hali zao. Haikusema sanaa inachukua nafasi ya daktari.

Kuhusu tafakuri kwa watoto, habari si tamu sana. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza uliohusisha wanafunzi zaidi ya 8,000 wa umri wa miaka 11 hadi 14. Walifundishwa darasani mazoezi ya kutuliza akili. Ukilinganisha na wenzao waliopata masomo ya kawaida, afya yao ya akili haikuwa bora zaidi. Wengi wao hawakuyafanya mazoezi hayo nyumbani.

Niliposoma hilo nilimkumbuka mpwa wangu aliyefumbua jicho moja. Mtoto hatulii kwa amri. Mtu mzima anaweza kuambiwa "tulia" akajaribu. Mtoto anahitaji kitu mkononi, kitu machoni, na mtu mzima aliye karibu ambaye naye ametulia. Bibi hakumwambia atulie. Alimwambia aweke mkono kwenye shimo.

Na skrini? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka 1 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa wakubwa kidogo kama wetu, tuliamua nyumbani kwamba simu inalala sebuleni saa 2 usiku. Hatukumnyang'anya. Tulimpa kitu kingine kwanza, ndipo tukaweka kanuni.

Jinsi ya kufanya na mtoto wako

Huhitaji hela nyingi wala kipaji cha kuchora. Sisi tunafanya hivi, mara moja kwa wiki.

Kwanza, chagueni jiwe moja la karibu. Si lazima liwe na michoro ya kale. Mwanza hukosi mwamba. Mawe haya ya matale yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, mwambie hivyo mtoto uone macho yake.

Pili, kaeni dakika 5 bila simu, wewe pia. Mwulize anaona rangi ngapi. Jiwe linaloonekana la kijivu lina madoa ya kutu, weupe wa kinyesi cha ndege, kijani cha kuvu. Akibahatika atamwona yule mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu anayeota jua. Wanasayansi wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae.

Tatu, aguse kwa mkono na kufumba macho akitaka. Wapi ni laini? Wapi kuna joto?

Nne, rudini nyumbani achore bila kuelekezwa. Maboksi ya dukani yanatosha kuwa ubao. Mkaa wa jikoni unatoa weusi, udongo mwekundu uliochekechwa na kukorogwa na maji kidogo unatoa wekundu. Wachoraji wa kale nao walitumia madini mekundu ya ardhini.

Tano, usiulize "hii ni nini?" Mwambie, "Nieleze kuhusu picha yako." Swali la kwanza linamtaka ajitetee, la pili linamfungulia mlango.

Sasa tahadhari za kiafya. Usimpe rangi iliyobaki ya kupakia nyumba au mageti. Baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi, na hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Nunua rangi za maji zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto.

Mkienda kwenye mawe ya ufukweni, msiingie majini. Maji ya kina kifupi yenye konokono kandokando ya Ziwa Victoria ni makazi ya vimelea vya kichocho, na vinapenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache tu. Ikiwa mtoto huoga ziwani, mpeleke kituo cha afya apimwe. Dawa ipo, na inafanya kazi.

Msipande mawe yaliyobebana wakati wa mvua, na msichokonoe mianya. Nyoka nao hupenda kivuli.

Tusiwaachie alama zetu

Mkifika kwenye michoro ya kweli, kuna kanuni moja ya kumfundisha mtoto: macho tu. Mafuta ya mikono yetu yanaharibu rangi. Kumwagia maji ili picha ionekane vizuri kwenye kamera kunaifuta polepole. Kule Kondoa, baadhi ya mapango yamechimbwa na watu wanaosaka mali inayodaiwa kufichwa na Wajerumani. Kwingine watu wameandika majina yao juu ya kazi ya mababu. Na kila mwamba unaopasuliwa kokoto bila kukaguliwa unaweza kuwa na ukurasa ambao hakuna aliyewahi kuusoma. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda urithi huu. Mkiona alama za kale zinaharibiwa, toeni taarifa kwa ofisi ya utamaduni ya halmashauri yenu.

Lini kuchora hakutoshi

Mzazi, naomba usome hapa kwa makini. Kama mtoto kwa zaidi ya wiki 2 halali, hali chakula, anajitenga na wenzake, anarudia kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, au anazungumzia kufa au kujiumiza, usingoje karatasi na rangi vifanye kazi. Mpeleke kituo cha afya, na ueleze kila kitu. Akizungumzia kujiumiza, nenda siku hiyo hiyo. Pia kuna Simu kwa Mtoto, namba 116, ambayo mtoto mwenyewe au wewe unaweza kupiga bure.

Kwa mpwa wangu tulifanya yote mawili. Tulizungumza na muuguzi, na tuliendelea kupanda mwambani. Bado anaipenda simu, sitawadanganya. Bado kuna siku anajibu neno moja. Lakini chini ya kitanda kuna boksi lenye michoro yake, na begi lake la nguo limefunguliwa siku nyingi.

Wiki iliyopita alichora maduara kama kawaida, ila safari hii katikati kulikuwa na vidoti viwili. Nilikumbuka kanuni yangu, nikamwomba anieleze kuhusu picha yake.

"Hiki ni mama. Hiki ni baba," alisema. "Hawako pamoja, lakini wako ndani."

Kisha akachovya kidole kwenye udongo mwekundu, akaongeza duara lingine kwa nje.